Tundu la Ishirini na Nne

Tumpe alizikwa Uyole siku ya mvua, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika polepole, imenichukua karibu mwaka mzima kufika kwenye ukurasa huu. Nilitoka Iringa na basi la alfajiri, nikakuta udongo umeshasawazishwa na watu wananawa mikono. Nikaingia matangani, chumba cha wanawake, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, nikapewa nafasi karibu na mlango. Waliokaa humo sikuwajua, lakini wao walionekana kunijua. "Ndiye huyo Sekela wa Iringa," mmoja alimnong'oneza mwenzake, na mwenzake akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida ya kumtazama mgeni. Sikuuliza walinijuaje. Siku ya tatu, tukiwa tunamenya viazi nyuma ya nyumba, binti yake mkubwa, Atupele, alinisogelea akasema, "Mama mdogo, kesho tunagawa nguo za mama. Kila atakayepokea nguo atasema neno juu yake, hata likiwa dogo." Kisu kilisimama kwenye kiazi. Tangu utotoni nimeogopa kusema mbele za watu, ila siku ile hofu ilikuwa nyingine. Neno juu ya Tumpe nilikuwa nalo, moja tu, na nilikuwa nimelikalia tangu nikiwa na miaka kumi na saba: kwamba alifukuzwa kazi kwa kosa langu, nami nilisimama hapo hapo nikanyamaza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, na Tumpe, niliyemwita dada, aliyenizidi miaka sita na aliyekuwa tayari fundi wa sweta Iringa, alikuja Uyole kusalimia watu akarudi na mimi. Tulikaa Kihesa, chumba kimoja chenye dirisha la ubao ambalo halikufunga sawasawa, hivyo asubuhi za Juni baridi iliingia na kukaa nasi kama mpangaji wa tatu. Kitanda kimoja, jiko la mkaa, sufuria mbili, bakuli la bati lenye ua jekundu, na kikombe kikubwa cha bati ambacho Tumpe hakuruhusu mtu mwingine akitumie. Jioni tulikula ugali na maharage, siku nyingine makande yaliyopikwa tangu mchana kwa mama mwenye nyumba, Mhehe mwenye sauti ya chini aliyegonga mlango kwa salamu ya kwao tu, "Kamwene," kisha akaweka bakuli chini na kuondoka. Tumpe alizungumza kwa ajili yetu sote wawili. Aliimba, aliiga wateja, alinitania. "Mdogo wangu, ukiombwa jina utajibu kesho kutwa. Mtu akikuposa, atakuja kujibiwa na wajukuu." Mimi nilicheka ndani ya blanketi.

Kazini kwetu kulikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kihindi tuliyemwita Mama Kanta. Alizaliwa Iringa, aliwasalimia wateja wa Kihehe kwa lugha yao bila kukosea, na aliweza kushika uzi gizani akakwambia umetoka wapi. Chumba cha nyuma kilinukia mafuta ya mashine, sufu, na chai ya tangawizi iliyochemka tangu asubuhi. Kulikuwa na mashine tatu za kufuma, ndefu, zimelazwa juu ya meza, kila moja na safu ya sindano zilizosimama kama meno ya kitana. Fundi alisukuma kigari kushoto na kulia, na kila kikipita, mstari mmoja wa sweta uliongezeka. Mashine mbili zilifuma rangi moja tu. Ya tatu, ya Tumpe, ilikuwa na kadi. Ilikuwa karatasi ngumu iliyong'aa, na kila mstari wake ulikuwa na nafasi ishirini na nne. Palipotobolewa tundu, sindano ilichukua uzi mweupe; pasipotobolewa, ilichukua uzi wa rangi ya sweta. Nafasi ishirini na nne zikiisha, mashine ilianza tena ile ya kwanza, kisha tena, hadi kifua kizima kikajaa maua yale yale.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia na kuzungusha uzi. Siku moja Mama Kanta alinipa daftari la hesabu lenye miraba akataka ninakili kadi zote za zamani, tundu kwa tundu, zisije zikachakaa maua yakapotea. Nilifanya kadi moja kwa siku nzima. Fundi mwingine aliguna, "Huyu anaandika kama anachimba kisima." Shuleni mwandiko wangu wa polepole uliniponza, mwalimu alifuta ubao kabla sijafika katikati, na daftari zangu zilijaa sentensi zisizo na mwisho. Lakini Mama Kanta aliweka kadi juu ya miraba yangu, akaikagua dhidi ya mwanga wa dirisha, na hakukuta kosa. "Polepole yako ni nzuri," alisema. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kadi. Hakuna aliyewahi kuniambia kitu kama hicho, na nilikitunza. Jioni ile nilitembea hadi Kihesa nikikirudia kichwani, wakati Tumpe akilalamika kwamba viatu vyake vinakunywa matope.

Shemeji yake Mama Kanta, Bwana Harshad, alikuja kutoka Dar es Salaam wakati wa masika, akakaa wiki mbili. Alifanya kazi katika ofisi iliyokuwa na kompyuta, jambo ambalo sisi tulilisikia kama mtu anayesema amefanya kazi mwezini. Nilikuwa nikimimina chai alipookota kadi ya mashine ya Tumpe akaanza kucheka. "Shemeji, hata sisi tuna kadi za matundu! Mashine ya mamilioni, inakula kadi kama hii."

"Basi ile yenu ina akili sana," Mama Kanta alisema.

"Akili? Haina hata kidogo. Unaiambia: ikiwa hivi, fanya vile, isipokuwa hivyo, acha. Basi. Tofauti yake na mimi ni kwamba haichoki na haioni aibu. Ukiipa kanuni fupi kama kidole inairudia mpaka utake kulia. Kuna jamaa zetu kule nje wanaipa kanuni, inawachorea picha. Si picha waliyoifikiria wao. Wanatoa kanuni, picha inajitokeza."

Alihamia kwenye habari za bei ya mchele wa Rujewa, akasahau. Mimi nilibaki na birika mkononi. Kitu kisichochoka na kisichoona aibu: nilitamani kuwa hivyo. Mchana, wenzangu walipotoka kwenda kuota jua, nilifungua daftari langu nikajipa kanuni. Nilitia wino mraba mmoja tu, katikati ya mstari wa kwanza. Kisha kwa kila mraba wa mstari uliofuata niliwatazama jirani zake wawili katika mstari uliotangulia, wa kushoto na wa kulia. Jirani mmoja tu akiwa na wino, natia wino. Wakiwa nao wote wawili, au wote hawana, naacha. Hayo tu. Mistari minne ya kwanza ilikuwa vidoa. Kufikia wa nane niliona pembetatu. Kufikia wa kumi na sita niliona pembetatu ndani ya pembetatu, na katikati yao nafasi tupu zenye umbo lile lile limepinduliwa, kama milima ya kwetu na mabonde yake. Mimi sikuchora pembetatu hata moja. Niliulizia jirani tu.

Nimeishi miaka mingi tangu mchana ule, na wajukuu wamenionyesha kwenye simu picha za namna hiyo, zenye rangi nyingi kuliko nguo za harusi. Sijaona iliyonishtua kama ile ya wino wa buluu kwenye daftari la hesabu. Tumpe alipoingia alisimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Nani kakufundisha?" aliuliza. Nilipomweleza kanuni alikaa chini, akachukua kalamu, akajaza mstari mmoja mwenyewe huku midomo ikitembea. "Kwa hiyo hujui litakavyokuwa mpaka uhesabu," alisema. Nikamwambia sijui. "Ehee. Hilo ndilo ua la mtu kama wewe. Halisemi mapema."

Shule moja ya bweni ya wasichana, huko milimani, iliagiza sweta za rangi ya buluu iliyokolea zenye mkanda wa maua meupe kifuani, mistari arobaini, zikamilike kabla baridi haijakaza. Mama Kanta aliwaonyesha maua ya zamani, wakayakataa yote. Tumpe, bila kuniomba ruhusa, akafungua daftari langu mbele yao. Wakachagua lile. Usiku wa siku hiyo sikula. Kesho yake Mama Kanta aliniita dukani. Mbele yake alikuwa na kadi moja tupu. Ilikuwa ya mwisho. Kadi kutoka nje ya nchi hazikuingia tena, na hakuna aliyejua zingeingia lini. "Sekela, tundu likishatoboka halirudi," alisema. "Kadi hii ikiharibika, shule inaondoka, na atakayeiharibu ataondoka naye. Nasema mapema ili nisiseme kwa hasira." Hakuwa mkali. Ilikuwa vibaya zaidi kwa sababu hakuwa mkali.

Nilitoboa kwa siku mbili kwa koleo ndogo ya mkono, vipande vya duara vikidondoka sakafuni kama dengu. Picha ya daftarini ilitanuka kupita nafasi ishirini na nne, kwa hiyo sikuinakili. Niliifuata kanuni moja kwa moja kwenye kadi, mstari baada ya mstari. Nilipofika mstari wa kumi na saba niliona matundu mawili, moja kila upande. La kushoto lilikuwa hatua nane kutoka katikati. La kulia lilikuwa hatua kumi. Nilihesabu tena, nikahesabu tena. Ua ambalo lilikuwa likienda sawa pande zote mbili lilikuwa limepinda, na sikujua lilipindia wapi. Nilikaa na kadi mapajani mpaka Tumpe aliposimamisha kigari chake akauliza kama nimekufa.

Nilimwonyesha. Tulirudi nyuma mstari kwa mstari, yeye akisoma, mimi nikijibu, tukafika mstari wa kumi na tatu, tundu la ishirini na nne, la mwisho kabisa upande wa kulia. "Hili umelitoboa kwa nini?"

"Jirani yake wa kushoto ana tundu."

"Na wa kulia?"

"Hana jirani wa kulia. Yuko mwisho."

Tumpe alinitazama, kisha akanywa chai yote iliyobaki kwenye kikombe chake cha bati, akakipangusa kwa khanga. Alirarua ukanda kwenye ukurasa wa daftari, akakata nafasi ishirini na nne kamili, akauzungusha kwenye kikombe mpaka ncha zikakutana. "We Sekela. Sweta ina mwisho? Maua yakiisha hapa si yanaanza tena hapa? Jirani wa ishirini na nne ni huyu wa kwanza. Mtazame, wamebanana hivi." Nilimtazama. Tundu la kwanza la mstari uliotangulia lilikuwepo. Jirani walikuwa wawili, na mahali pale palitakiwa kuachwa patupu. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo labda fundi mwingine asingelifanya. Siku zote nilikaa pembeni, mlangoni, mwisho wa benchi, na niliona ni jambo la kawaida kwamba aliye ukingoni hana mtu upande wa pili.

Kosa moja lilikuwa limezaa mengine. Kutoka mstari wa kumi na tatu hadi wa kumi na saba tulihesabu matundu sita yasiyostahili kuwepo. Nilisema nitakwenda kumwambia Mama Kanta. Tumpe alishika mkono wangu. Alipiga magoti, akaokota vipande vya duara sakafuni, akavichagua kama anachagua mchele, kisha akaenda kwa fundi viatu wa jirani akarudi na gundi kwenye kifuniko cha chupa. Tulivirudisha vipande sita mahali pake, tukavikandamiza kwa pasi ya makaa iliyopoa. "Hili ni letu wawili," alisema. Nikatoboa upya tundu la kulia la mstari wa kumi na saba, hatua nane, na nilipoendelea, safari hii nikimuuliza kila aliye ukingoni habari za jirani yake wa upande wa pili, ua likaanza kujirudia: mstari wa kumi na saba ulikuwa sawasawa na wa tisa, wa ishirini na tano vilevile, kila baada ya minane. Ila ule wa kwanza, wenye tundu moja, haukurudi tena. Nilisubiri hadi wa arobaini. Haukurudi.

Sweta za kwanza zilikwenda shuleni zikiwa safi. Mwezi wa Julai, kifurushi cha mwisho kilirudishwa. Mwalimu wa kike aliyekileta alikikunjua juu ya meza ya duka akaweka kidole kwenye alama nyeupe moja iliyosimama peke yake, ikajirudia kuzunguka kifua. Kipande kimoja, cha lile tundu la ishirini na nne, kilikuwa kimebanduka kwenye kadi, na mashine, isiyo na akili wala aibu, ilikuwa imefuma ilichokikuta. Mama Kanta alikuja chumba cha nyuma na kadi mkononi. Aliiinua mpaka kwenye dirisha, akaona vile vitano vingine vilivyoshikwa na gundi, akaelewa yote kwa pamoja.

"Nani?" aliuliza.

Nilikuwa nimesimama kati ya meza na ukuta, uzi wa buluu umezunguka vidole vyangu, na neno lilikuwa kinywani, najua lilikuwepo, nilihisi uzito wake kwenye ulimi. Nikaanza kutafuta namna ya kulianza. Mimi huandika polepole, na husema polepole zaidi.

"Mimi, Mama," Tumpe alisema. "Siku ile Sekela alikuwa na homa. Nilitoboa mwenyewe nikakosea, nikaziba."

Mama Kanta alinigeukia. Nafikiri alijua. Alinipa muda mrefu, mrefu kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunisubiri ubaoni. Mimi nilitazama uzi. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile isiyo kali, "Basi nimeshasema tangu mwanzo," akarudi dukani.

Tumpe alifunga mizigo jioni ile ile. Alikula ugali wake wote na nusu ya wangu. Nililia, na yeye akawa anakunja nguo. "Acha kulowesha kitanda, utalala mwenyewe hapo. Mimi nikirudi Uyole nalima viazi. Viazi havina ukingo." Alichukua sweta moja katika zile zilizokataliwa, akaivaa juu ya gauni, na kikombe cha bati akaniachia. Niliendelea na kadi kwa Mama Kanta kwa miaka mingi. Kadi mpya zilikuja, nikatunga kanuni nyingine, na maua yangu yalivaliwa Njombe, Makambako, Tukuyu, na watu wasiojua kwamba ni hesabu. Sitajidai kwamba sikuyafurahia. Lakini kila mara nilipoanza mstari kwa tundu moja nilijua nimekaa kwenye kiti cha nani. Barua nilizianza, sikuzimaliza. Tulionana mara chache, kwenye harusi na misiba, na kila mara alinitangulia kwa utani kabla sijafungua mdomo.

Siku ya kugawa nguo walitandika khanga katikati ya chumba. Shangazi mmoja alipewa koti, jirani akapewa vitenge, kila mmoja akasema neno lake. Kisha Atupele akatoa sweta ya buluu iliyopauka, viwiko vimefumwa upya kwa uzi wa kijani. "Hii ni ya mama mdogo wa Iringa. Mama alisema mwenyewe." Nilisimama. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Sikutafuta namna ya kuanza. Nilisema, "Kosa lililomrudisha Tumpe Uyole lilikuwa langu. Tundu lile nililitoboa mimi. Nilikuwepo, sikusema."

Hakuna aliyeshtuka. Atupele alikuwa akinitazama huku machozi yanamtoka, na midomo inataka kucheka. "Mama mdogo, mbona tunajua. Humo ndimo alimotufundishia kuhesabu, mmoja baada ya mwingine. Mstari wa kumi na tatu kutoka chini, halafu twende kulia mpaka ishirini na nne. Tukilifikia anatuambia, 'Huyo ndiye Sekela. Anajibanza pembeni, anadhani hana jirani.'"

Nikaketi. Mwanamke aliyekuwa upande wangu wa kulia, yule aliyenitazama sana siku ya kwanza, alisogea kidogo ili nipate nafasi ya kuitandaza sweta mapajani, na magoti yetu yakagusana. Niliweka kidole chini ya mkanda nikaanza kupanda, polepole kama ninavyofanya kila kitu. Kwenye mstari wa kumi na tatu nikaenda kulia. Alama nyeupe ilikuwepo, uzi wake umechakaa kuliko wa zile nyingine, umesuguliwa na vidole vya watoto. Ishirini na nne, nilihesabu, kisha sikuinua kidole. Nilikisogeza hatua moja zaidi, ua jipya linapoanzia, nikasema moja.